Bikoni Nne Jichoni

Ujerumani,
Februari 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini goti limetulia, na mahindi ya Litapunga yamepata mvua ya kutosha. Mimi naendelea na masomo ya upimaji ardhi, na jicho la kulia bado linaona, ingawa ukungu upo.

Barua uliyomwandikisha Deusi nimeipata. Nilicheka, halafu nikalia. Kosa ni langu. Niliandika kwamba madaktari wanataka kunichoma mionzi, na mdogo wangu akakusomea kama ilivyo. Wewe ukasikia moto. Ukajibu: "Mwambie Joni asikubali kuchomwa, yeye siyo kisiki. Kama jicho limeharibika walitoe. Nilimzaa na macho mawili, akirudi na moja nitampokea vilevile."

Mama, hakuna moto. Mionzi haionekani, na ukiwa kwenye mashine husikii chochote. Lakini daktari wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinikuta na barua mkononi akauliza imesemaje. Nikamtafsiria. Akavua miwani. Kisha akasema, "Mama yako ameelewa kuliko wagonjwa wangu wengi. Kulitoa ni njia ya kweli kabisa." Nilijisikia fahari, mama. Hukukaa darasani hata siku moja, na daktari amelipeleka neno lako kwenye kikao cha madaktari.

Sasa Deusi asome polepole. Hii ni saratani, uvimbe mdogo nyuma ya jicho. Njia ya kwanza ni hiyo yako: walitoe, kidonda kipone, nirudi mapema. Njia ya pili ni mionzi ya protoni. Mionzi ya kawaida ikiingia hupita hadi upande wa pili, ikagusa na sehemu zisizo na ugonjwa. Hii ya protoni huingia hadi kina ilichopangiwa, ikaishia hapo, na jicho hubaki. Mashine zake ni chache sana duniani, ila ipo moja nchi ya jirani. Kwanza wanashona vipande vinne vya chuma, vidogo mno, kuzunguka uvimbe, ili wajue mpaka uko wapi. Daktari aliponieleza nilimkatiza: "Hizo ni bikoni!" Ndizo hizo, mama, kama zile alama za mpaka pembeni mwa shamba letu, ambazo moja uliing'oa ukawa unanolea panga mpaka bwana ardhi akaja juu. Hizi za jichoni huzifikii.

Daktari hakunificha. Uvimbe unaweza kufa na bado jicho likafifia baadaye, hata likaja kutolewa. Na kurudi kutachelewa, maana lazima waendelee kuniangalia. Nimewaza wiki nzima. Naogopa, sitakudanganya.

Juzi walinijaribu hapa hapa hospitali, kwenye mashine ya mazoezi, waone kama naweza kutulia. Unauma kipande cha plastiki, kichwa kimefungwa, unatazama taa ndogo nyekundu bila kutikisa jicho. Wengi hushindwa mara ya kwanza. Mimi nilitulia tuli mpaka fundi wa mashine akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kwetu Mpanda nimeshinda porini, juani, nikitazama nukta moja kwenye darubini mchana kutwa. Akaita wenzake waje kuona. Siku ile nilitembea kifua mbele mpaka bwenini.

Nimechagua protoni. Huku anayeweka sahihi ni mgonjwa mwenyewe, hakuna kikao cha ukoo. Naiweka Jumatatu.

Nisalimie Deusi na mkewe. Baba mkubwa wa Kasekese mwambie asinune kwamba sikumngoja. Shangazi wa Kapalamsenga mwambie huku wanakula samaki asiye na ladha, nawaza migebuka yake tu.

Mama, barua huchukua mwezi mzima kufika Mpanda, na uvimbe hauwezi kusubiri posta. Siku utakayosomewa haya, kazi itakuwa imeshafanyika. Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Tangu nizaliwe sijawahi kuamua jambo kubwa bila wewe, na hili nimeliamua peke yangu, kinyume na ulivyosema. Sijutii. Lakini mwambie Deusi aniandikie upesi, hata mstari mmoja, kama umenikasirikia au la. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mashine.

Mwanao,
Joni