Fomu Iliyomzika Mzee Anaeli

Olasiti, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na dawa unakunywa, au bado unazificha chini ya mto? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanilaza na soksi. Hapo Tanga mngenicheka.

Mama, nimeshinda! Ile fomu niliyowatengenezea wakulima wa kahawa wa huku mlimani, ya kujiandikisha kwa simu, nusura inifukuzishe kazi. Siku ya majaribio Mzee Anaeli, mwanachama wa siku nyingi, alijaza jina lake, kisha la mrithi wa shamba. Alipotuma, simu ikaandika: "Asante, Naomi." Naomi ni binti yake, kitinda mimba. Mzee hakuwa amemtajia mtu yeyote mrithi wake, na wanawe wawili wa kiume walikuwa nyuma yake wanasoma.

"Binti, umenizika mchana kweupe!" alifoka.

Mwenyekiti wa chama akaniambia, "Una wiki moja. Isipokaa sawa tunarudi kwenye daftari, na wewe nenda salama."

Kosa lilikuwa langu. Ndani ya fomu kila jibu huingia kwenye kopo lenye jina, sisi tunaliita variable. Kwa uvivu kopo la mkulima na la mrithi niliyaita yote mawili "jina", basi fomu ikaona kopo ni moja: Naomi alipoingia, baba yake akamwagwa nje. Nikakumbuka makopo yako ya chumvi na sukari, yanafanana lakini kila moja na lebo yake. Nikaandika upya: jina_la_mkulima, jina_la_mrithi. Nikahakikisha kila kopo linaanza tupu, mtu asije akakuta majibu ya mwenzake, na la mrithi lisionekane kwenye shukrani.

Jumamosi Mzee Anaeli alijaza tena mbele ya mkutano mzima. Akasoma kwa sauti, "Asante, Anaeli." Akainua simu juu. "Nimefufuka! Na mrithi ni Naomi yule yule!"

Walipiga makofi mpaka nikalia. Mwenyekiti amenipa na fomu za matawi mengine yote.

Nisalimie Bibi, na kaka Hamisi aliyesema kompyuta si kazi, mwambie ameze maneno yake. Kabla ya mkutano niliijaribu fomu mwenyewe. Sina shamba wala mtoto, kwa hiyo penye mrithi niliandika jina lako. Nilituma mara kumi, Mama, na kila mara ulibaki mahali pako.

Mwanao akupendaye,
Zuhura