Geji Niliyoikata

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Shangazi yako Rhoda bado anauza dagaa pale Kirumba na anakusalimu.

Unauliza kwa nini geji ya joto kwenye gari langu kuukuu haisogei, na kama uninunulie nyingine huko Dar. Niliifunga mwenyewe, miaka ile vipuri vya nje vilipoanza kujaa madukani. Ilikuja na mrija mwembamba wa shaba wa kuunganisha na injini. Nikauona mrefu mno, nikaukata kama waya. Kumbe kinachosukuma mshale kimo humo ndani! Geji ikafa kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. "Basi, Baba Rhoda, geji nitakuwa mimi."

Tangu hapo, kila tulipovuka kwa feri ya Kamanga kwenda Sengerema, yeye ndiye aliyenusa joto kwanza, akanigusa mkono: "Simama, maji yanachemka." Tulikaa tukipiga soga mpaka injini ipoe. Mafundi walitaka kunifungia geji nyingine, nikakataa.

Juzi nilivuka peke yangu, mara ya kwanza tangu tumzike. Maji yalichemka, na hakuna aliyenigusa mkono.

Ninunulie hiyo geji.

Babu yako