Bidoni ya kasiksi ndani ya hema

Yaya Furaha,

Jambo kwako, ndugu yangu mukubwa, na kwa watoto wote huko Bunia. Kwenye kambi yetu hapa porini mulinzi alikataza pombe kabisa: "Tembo anasikiaka harufu yake toka mbali." Nilicheka, nikaficha ndani ya hema ile bidoni ya plastiki ya kasiksi, pombe yako ya ndizi. Asubuhi hii, ningali nimelala, mukonga wa tembo uliingia, munene kuliko muguu yangu, ukapita pole-pole juu ya kifua yangu bila kunigusa, ukabeba bidoni. Nikatoka inje: mulinzi alikuwa amesimama hapo. Mulinzi hakunigombeza, alivua tu kofia, akimuangalia tembo akienda.

Yaya, hata kanisani ni weye unanisukumaka nipige magoti. Leo nilipiga mwenyewe.

Mudogo yako mwenye kukupenda,
Bahati