Moto Uliozimwa kwa Saini Yangu

Ijumaa, saa moja jioni. Mvua ilianza saa sita, ikasimama kidogo, ikaanza tena, na kutoka hapa barazani ziwa halionekani. Mimi ni mzima. Wanafunzi thelathini na wanne wa chuo chetu si wazima, na wiki hii nimejua sababu. Naandika sasa, kabla kumbukumbu yangu haijaanza kunitetea.

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ilikuwa kufuata magonjwa. Surua, kipindupindu, homa zisizo na jina katika vijiji ambavyo gari lilifika kwa kusukumwa. Kazi hiyo ni rahisi kueleza: nani ameugua, wapi, tangu lini, na jirani yake ambaye hakuugua alifanya nini tofauti. Kisha unatafuta chanzo na kukifunga.

Miezi minne iliyopita nilikuwa Kamituga, nyuma ya zahanati, nikihesabu watoto wenye surua. Mwenye duka la jirani akaja mbio na redio mkononi.

"Docteur! Banasoma jina yako!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimekuwa katibu mkuu wa chuo huku Bukavu. Hakuna aliyeniuliza kabla. Nilimaliza kuhesabu watoto, nikapanda gari, na siku mbili baadaye nikawa na ofisi, zulia na karani.

Karani anaitwa citoyen Birindwa, kwa kuwa siku hizi sote tunaitana wananchi. Ameshawaona makatibu wakuu watatu wakija na kuondoka. Kila asubuhi saa mbili analeta jalada la barua za kusaini, anasimama kushoto kwangu, na anakunja kila karatasi kwa ustadi hadi kinabaki kipande cha chini tu, pale pa saini. Ninasaini, anakausha wino, anafunua nyingine. Wiki ya kwanza nilijaribu kusoma. Tulipofika barua ya sita ilikuwa saa sita mchana, na watu waliokuwa wananingoja walikuwa wamefika kwenye ngazi.

"Docteur," Birindwa aliniambia kwa upole, "ule mwenye alikutangulia alikuwa anamaliza mbele ya chai."

Wiki ya pili nilimaliza kabla ya chai. Nakiri kwamba nilijivuna.

Jumatatu hii bweni likaanza kuugua. Tumbo, kuhara, homa kidogo. Si kipindupindu, hicho ninakijua, na hakuna aliyekuwa karibu na kufa. Lakini Jumapili mgeni mkubwa anatoka Kinshasa kutembelea chuo, na recteur, mkuu wa chuo, aliniita ofisini akiwa amesimama, jambo ambalo halifanyi. Alitaka vitu viwili kabla ya Jumapili: karatasi inayosema si kipindupindu, na mtu wa kufukuzwa.

"Chakula kina mpishi," alisema.

Mpishi ni maman Nabintu wa Nyantende. Yuko kwenye jiko lile tangu chuo kilipofunguliwa. Ni mjane mwenye watoto watano, na hakuna mtu mwingine nyumbani kwake mwenye kazi. Nilimwomba recteur aningoje hadi kikao cha uongozi cha Ijumaa. Alikubali, lakini akasema barua ya kumfukuza ipigwe taipu mapema, ili tusipoteze muda.

Jumanne na Jumatano nilikuwa na furaha. Si jambo zuri kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilichukua daftari langu la zamani, nikavua viatu vya ofisini, nikakaa kando ya vitanda nikiuliza maswali ambayo sikuwa nimeyauliza kwa miezi minne. Ulikula nini? Wapi? Saa ngapi? Ulikunywa nini?

Wote walikuwa wamekula kitu kimoja, bugali na maharagi, wagonjwa kwa wazima. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Kiongozi wa nidhamu wa bweni, kijana ambaye hajawahi kukosa kupandisha bendera, alikuwa hawezi kusimama. Wale watatu ambao yeye huwaandika kila wiki kwa kutoroka jioni kwenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mtaani walikuwa wanacheza mpira.

Ugonjwa ulikuwa umechagua wanyofu.

Walioumwa walikuwa wamekunywa maji ya ukumbi wa kulia wakati wa chakula cha jioni. Waliokula pale mchana tu na kurudi kwa wazazi wao hawakuwa na shida. Pipa ni moja, bomba ni moja. Kwa hiyo kulikuwa na jambo lililofanywa mchana na halikufanywa jioni.

Alhamisi asubuhi nikashuka jikoni. Maman Nabintu alikuwa anachagua maharagi na hakuinuka.

"Maman, maji ya mangaribi munachemsha?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu munakataza."

"Nani anakataza?"

Alinyoosha mwiko kuelekea ukutani. Kulikuwa na karatasi imepigiliwa misumari minne, kana kwamba ingeweza kukimbia. Ilikuwa agizo kwa wafanyakazi wote, pamoja na wa jikoni: kuanzia wiki iliyopita hadi siku ya ziara, kila mtu awe uwanjani kwa mazoezi ya nyimbo na ngoma za kumpokea mgeni, saa tisa hadi saa kumi na mbili. Na kwa usalama wa majengo, katika saa hizo, moto wote uzimwe. Chakula cha jioni kipikwe mapema, kiliwe kimepoa. Kuhusu maji hapakuandikwa neno. Lakini saa hizo ndizo alizokuwa akichemsha maji ya jioni.

Chini palikuwa na saini. Ninaijua. Ina mkia mrefu.

"Mi nilikuwa nataka kukataa," maman Nabintu alisema. "Nikasema, kuacha kuchemsha maji, hii si wazimu? Nikaenda kuuliza Birindwa. Akasema karatasi inasema moto yote. Njo nikaangalia jina, nikaona ni yako. Nikasema, aa, huyu ni munganga ya magonjwa, yeye njo anajua. Pengine sikuizi maji haina tena shida." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharagi. "Kama ingekuwa jina ya mutu mungine, docteur, ningechemsha tu."

Nimehoji watu wengi katika maisha yangu. Hakuna aliyenipiga vizuri namna ile, tena akiwa amekaa.

Sasa inakuja sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Niling'oa misumari, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni mwa koti langu la abacost. Nilijiambia kwamba ni ushahidi na ushahidi huhifadhiwa. Maman Nabintu alinitazama.

"Hiyo karatasi ni ya jiko," alisema.

"Nitairudisha."

"Mm."

Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba bila karatasi ile yeye ni mpishi aliyeacha kuchemsha maji kwa uvivu wake. Nilipanda ngazi nayo mfukoni. Nikamuuliza Birindwa kama kuna nakala.

"Iko moja kwenye armoire," alisema. Kisha akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezika makatibu wakuu watatu kiofisi. "Lakini docteur, nakala ni kitu ya kupotea."

Sikumwambia ipotee, sikumwambia isipotee. Nikaenda nyumbani, karatasi bado mfukoni.

Leo saa mbili Birindwa alikuja na jalada. Alisimama kushoto, akakunja, nikasaini. Akakunja, nikasaini. Mkono umeshazoea, unafanya kazi peke yake kama mguu kwenye baiskeli. Kwenye karatasi ya saba nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu nilipoona kwamba Birindwa ameacha kupumua. Nikafunua mkunjo.

"Tunasikitika kukujulisha," iliandikwa, na juu yake jina la maman Nabintu.

Nilisoma barua yote. Ilikuwa na makosa mawili ya taipu na uongo mmoja. Nikamwambia Birindwa aniletee nakala ya lile agizo kutoka kabatini. Aliileta upesi sana, hivyo nadhani hakuwa amekusudia kuipoteza, au alikuwa anaingoja ipotezwe na mtu mwenye cheo.

Kikao kilianza saa nne. Recteur aliuliza: "Chanzo kimejulikana?"

Nikasema kimejulikana. Nikaweka agizo mezani, lile lenye matundu manne ya misumari. Likazunguka kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja alisoma juu, akashuka hadi kwenye saini, akaniangalia, akampa mwenzake. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali.

"Citoyen katibu mkuu," recteur akasema, "unataka tukufukuze weye?"

"Nataka musimufukuze yeye."

"Ungeweza kuandika kwamba chanzo hakijulikani."

"Ndiyo. Kuna wakati niliandika hivyo, kule Mwenga, kwa sababu ilikuwa kweli."

Walijadili kwa saa moja na nusu. Si juu ya maji. Walijadili kama muhtasari wa kikao useme agizo "lilisababisha" ugonjwa au "lilitangulia" ugonjwa. "Lilitangulia" likashinda. Maman Nabintu anabaki na kazi yake. Mimi nitapewa barua ya lawama, ambayo kwa utaratibu wa chuo inaandaliwa na ofisi ya katibu mkuu.

Kisha nikaomba agizo lifutwe leo leo. Hapo recteur akakataa kabisa. Kulifuta kabla ya ziara ni kusema kwamba matayarisho ya ziara yalikuwa na kosa. Litafutwa Jumatatu, mgeni akishaondoka.

Kwa hiyo hadi Jumatatu, kisheria, moto ni marufuku jikoni kuanzia saa tisa.

Nilishuka nikamweleza maman Nabintu habari zote mbili. Ile ya kwanza aliipokea kwa kujifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nilimrudishia karatasi yake. Ya pili hakuipokea.

"Chemsha tu, maman. Mimi nasema."

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi mpaka lundi."

"Basi sichemshi." Alisema bila hasira. "Docteur, leo ni karatasi njo imeniponesha. Ingekuwa maneno tu, saa hii niko njiani ya Nyantende na sufuria yangu kwa kichwa. Unataka nivunje karatasi juu ya maneno yako?"

Alikuwa na haki.

Saa tisa kengele ikalia. Wafanyakazi wote wakatoka kwenda mazoezini chini ya mvua, yeye pamoja nao, amevaa kitenge cha sherehe kama agizo linavyotaka. Nikabaki peke yangu jikoni na sufuria mbili kubwa na pipa. Nikavua koti. Miaka kumi na miwili nimewaambia watu wa mkoa mzima wachemshe maji. Nikagundua sijawahi kuchemsha hata lita moja mwenyewe.

Kuni zilikuwa mbichi. Kiberiti kilikwisha nusu. Kutoka uwanjani nilisikia nyimbo, na kila wimbo ulipokwisha nilitazama ndani ya sufuria na kuona maji yaliyotulia kabisa. Karibu saa kumi kichwa cha maman Nabintu kikatokea dirishani, matone ya mvua kwenye kilemba.

"Bado, docteur. Hiyo ni maji ya kuoga mutoto."

"Ninaona moshi."

"Moshi ni ya kuni. Panga kuni vizuri, acha hewa ipite. Hiyo umejenga ni kaburi." Akatazama nyuma. "Nilisema ninaenda choo. Upesi upesi."

Nilipanga upya. Saa kumi na moja kasoro maji yakatokota kweli, sufuria ya kwanza, kisha ya pili, na saa kumi na mbili jioni wanafunzi wakanywa bila kujua lolote, wakalalamika kwamba ni ya moto.

Kesho saa tisa nitarudi jikoni. Jumapili pia, mgeni akiwa ukumbini. Nitamwambia recteur naumwa tumbo, na hakuna atakayethubutu kuniuliza zaidi. Jumatatu nitahesabu wagonjwa wapya. Kama hakuna, hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kilifanyika, isipokuwa maman Nabintu, ambaye ameshaniambia kwamba kuni nimetumia nyingi mno.