Nyasi za Kando ya Babu

Mdogo wangu Gyu-tae,

Huku matufaha yamewiva, na Mama amekuwekea kwenye friji mikate ya mchele ya sikukuu.

Mwaka huu hukuwepo, kwa hiyo Baba alikwenda peke yake kukata nyasi kwenye makaburi ya ukoo kabla ya sikukuu. Baadaye homa ikampanda. Mama aliona doa jeusi kiunoni mwa Baba, kama pameungua, akafoka, "Mzee, umeanza tena kuvuta sigara kitandani!" Kumbe ameumwa na kidudu cha majanini kinachoambukiza bakteria.

Daktari wa kwanza alimpa dawa ya kuvunja kuta za bakteria. Wa hospitali anasema bakteria hawa hujificha ndani ya seli zetu na kugawanyika humo humo, na ukuta wanaojenga ni mwembamba mno. Dawa ile haikuwa na cha kuvunja. Sasa anapata dawa yenyewe, lakini figo zimechoka. Tumekaa tu, tunamtazama.

Leo alizinduka kidogo. "Nimefyeka hadi pale kando ya babu yenu," akaniambia. "Gyu-tae akija asihangaike na magugu."

Pale bado hapana kaburi, mdogo wangu. Ndipo alipojitengea mwenyewe.

Dada yako,
Bok-sun