Mashine Uliyowafundisha Askari Jela

Kwako Baba Kadzo,

Sikuandikii urudi. Hayo niliyalia nikayamaliza, na mtoto anasoma darasa la kwanza sasa. Nakuandikia kwa ajili ya ile mashine.

Wakumbuka tulipopanga chumba kule Shella, ukiwafundisha polisi na askari jela kutumia mashine za alama za vidole? Jioni moja ulikuja nayo nyumbani uijaribu. Kidole chako, taa ya kijani. Changu, nyekundu. Ukakifuta kwa leso, ukakipulizia, nyekundu vilevile. Tangu usichana nilikuwa nikikwangua chumvi Gongoni, na chumvi ilishanila ngozi, vidole vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Ulicheka mpaka ukaniegemea.

"Mke wangu, ungekuwa mwizi hushikiki!"

Nami nikacheka, maana nilikupenda. Kisha nikakuuliza, "Na wenzangu wa chumvini je?"

"Hayo yatarekebishwa baadaye."

Siku ya kuikabidhi gerezani, nilikuwepo, Kadzo mgongoni. Ulisimama na shati nililokupigia pasi ukawaambia wakubwa haina kasoro. Wakakupigia makofi.

Sasa kakangu Kahindi yuko rumande, angoja kesi. Zamani askari wa langoni alitazama kitambulisho, akauliza wewe ni nani wake, ukaingia. Siku hizi ni kidole tu. Nimekwenda na kurudi, chakula mkononi.

"Afande, si wanijua? Si wewe uliyenipokea kabla ya mashine?"

"Nakujua, dada. Lakini yenyewe haikujui, na mimi nimeamrishwa niifuate."

Sikumkasirikia. Anafanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni wewe.

Juzi nikamwomba jirani yangu Mama Dama, mwuza mahamri, aingie na Kadzo. Watoto hawapimwi vidole. Mimi nikabaki nje juani na wanawake wengine wa chumvini, kila mmoja akitazama vidole vyake kama vimemwaibisha. Kadzo akatoka ameinamisha kichwa.

"Mama, mjomba haamini habari ya mashine. Amesema, kama umemchoka umwambie tu."

Baba Kadzo, neno hilo sikulala nalo, nilikesha nalo.

Pole yako sitaki. Wapigie simu wakubwa wale waliokupigia makofi, uwaambie ulichokiona chumbani kwetu: kwamba wako watu mashine hii haiwasomi, na ulijua. Waruhusu kitambulisho kama zamani. Ni maneno machache, na wewe maneno hayajawahi kukushinda.

Ulipoondoka, Kahindi ndiye aliyembeba mtoto wako kliniki homa ilipompanda. Ndiye aliyeniezekea paa. Hastahili kukaa mle ndani akidhani aliyemtupa ni dada yake.

Ukinyamaza, nitakwenda kwa wakubwa hao mwenyewe na vidole vyangu hivi, na jina lako nitalitaja.

Mungu akuweke huko uliko,

Mimi mama wa mwanao.