Usikamue Machicha

Mwanangu,

Maji ya kusuuzia kimea cha bia yetu yako jikoni. Yawe moto lakini yasichemke, la sivyo bia itakuwa na ukakasi. Yamimine kwa kata, polepole, juu ya kimea kilicho ndani ya pipa, na bomba la chini ulifungue kidogo tu. Kinachotoka mwanzo ni tope, kirudishe juu mpaka kitoke safi. Na usikoroge!

Haya, najua. Aliyekoroga asubuhi ni mimi. Nilikuuliza mara nne kuhusu ile kazi ya mbali, na mara zote ukanijibu, "Baba, bado nafikiria." Ulipojifungia chumbani nikashika mwiko kwa hasira, nikavuruga pipa zima, bomba likaziba; nimeshalizibua. Kisha nikakusingizia wewe. Nisamehe.

Nilishafika getini, nimerudi kuandika haya. Karakana watanisubiri.

Nikirudi ~~nataka jibu~~ tutachemsha pamoja hicho utakachokuwa umekinga.

Karibu na mwisho uwe unaonja. Utamu ukiisha, funga bomba. Usikamue machicha ya kimea hata ukiona bado yana kitu, maana kitakachotoka hapo ni uchungu mtupu. Nilikufundisha mwenyewe, na leo asubuhi nimesahau mwenyewe.

Paka asiingie jikoni.

Halafu lile begi kubwa liko juu ya kabati langu. Ile zipu iliyokuwa inakwama nimeibadilisha. Tangu wiki iliyopita.

Baba